Anayezama Ziwa Victoria Huandikwa na Nani?

Asubuhi ya Jumapili, Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria ikiwa inakaribia kutua Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Kumi na tisa walikufa, marubani wote wawili wakiwamo. Kabla ya adhuhuri nchi nzima ilikuwa imeona picha za mkia wa ndege ukichomoza majini. Kesho yake miili iliagwa Uwanja wa Kaitaba, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akiongoza. Tukamjua pia mvuvi kijana, Majaliwa Jackson, aliyewahi kufika kuokoa, na Rais akaagiza aajiriwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Nimemfikiria sana mvuvi huyo, kwa sababu wenzake wa kazi huzama katika ziwa hilohilo mwaka mzima. Mitumbwi ya dagaa hutoka usiku wa giza, maana mwezi ukishakuwa mkubwa taa haziwavuti tena dagaa. Upepo ukigeuka ghafla, chombo hujaa maji, na vijana watatu au wanne hawarudi. Mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inapotia nanga, shughuli husimama, wenzao huingia ziwani kuwatafuta, na mwili ukiibuka baada ya siku kadhaa unazikwa. Redioni kimya. Gazetini, wakibahatika, mistari minne isiyo na majina.

Wengi husema vyombo vya habari vinawathamini wenye nauli ya ndege na kuwapuuza wavuvi. Kuna ukweli humo, lakini wahariri nao wana la kusema. Habari ni lile lisilozoeleka, na kwetu ndege kuanguka na abiria ni jambo la nadra. Mwaka 1965 watafiti wa Norway, Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, walichapisha uchambuzi wa namna magazeti manne ya nchi yao yalivyoripoti migogoro ya Kongo, Kuba na Kupro. Moja ya hoja zao ni kwamba tukio linaloanza na kumalizika kabla gazeti halijaenda mitamboni huingia kwa urahisi kuliko jambo linalojijenga polepole. Ndege huanguka kwa dakika. Vifo vya wavuvi hudondoka kimoja kimoja, mwalo huu leo, ule wiki ijayo, na hakuna siku ambayo mtu anaweza kusema, "Leo ndiyo imetokea."

Kuna pia ugumu wa kazi yenyewe. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyochapishwa tu. Kwenda visiwa vya Ukara au Goziba ni nauli ya boti na siku mbili za kazi, na habari yenyewe huenda isitoke. Kamanda wa polisi hawezi kuthibitisha kifo ambacho mwili wake haujaonekana, na marehemu aliyehamia kambini kutoka mkoa mwingine pengine anajulikana kwa jina la utani tu. Mhariri akiiacha habari hiyo simlaumu, kwa sababu mama kusikia redioni kwamba mwanawe amekufa, kisha ikawa siye, ni ukatili. Tena kimya kingine ni cha heshima. Familia zina haki ya kulia bila kamera, na kuhusu vifo vya kujiua, Shirika la Afya Duniani limewataka waandishi wasieleze njia iliyotumika, ili wengine wasiige.

Hata hivyo, hoja ya unadra hainitoshi. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 800 na 1,000. Msiba mkubwa kiasi hicho, na hadi leo tunasema "wanakadiriwa", kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa kwenye orodha. Nje ya Afrika Mashariki meli hiyo hutajwa zaidi kwa ajili ya mtu mmoja aliyezama nayo, Abu Ubaidah al-Banshiri, kamanda wa al-Qaeda. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara. Kivuko cha watu 101 kikaua 228, na aliyekuwa akikata tiketi alikufa pamoja na abiria wake, mashine ya tiketi isionekane. Waokoaji walijua waliokuwamo kadiri miili ilivyotolewa majini.

Kwa maoni yangu, habari hufuata daftari. Ndege ina orodha ya majina, kampuni inayolazimika kuwapigia ndugu, bima na wachunguzi, hivyo saa nne asubuhi mwandishi ana idadi na saa sita ana majina. Mtumbwi wa dagaa hauna hata kimoja kati ya hivyo.

Hapa ndipo ninapoachana na wahariri. Asiyeweza kuripoti kila mtumbwi anaweza kuuliza mara moja kwa msimu: tangu Januari, wangapi hawakurudi katika mialo ya Ukerewe, Muleba na Rorya? Ndege ilipoanguka, taifa lilishangaa kwamba Bukoba, mji wa ziwani, uliwategemea wavuvi wenye mitumbwi na kamba. Wajane wa mwaloni wasingeshangaa. Boti ya uokoaji iliyokosekana asubuhi ile ndiyo inayokosekana kila usiku wa giza, na kama vifo vya wavuvi vingejumlishwa na kusomwa katika taarifa ya habari ya saa mbili usiku, huenda ingekuwa imedaiwa bungeni miaka mingi kabla ya 2022. Kimya juu ya wavuvi kiliwaumiza hata abiria wa ndege.

Mialo ina vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo kila mtu huviita BMU, na kazi ya kuandika vyombo, wavuvi na mavuno si ngeni kwao. Daftari hilo lingeongezwa safu mbili, aliyeingia ziwani jioni na aliyerudi alfajiri, na nakala ikapelekwa wilayani kila mwisho wa mwezi. Mwandishi aliyeko Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, angekuwa na pa kuanzia, hata kama nauli ya kufika kisiwani hana.