Miche kinzani ya kahawa na mibuni ya wazee: nani hajasikilizwa?

Kuanzia Kibosho hadi Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ubishi ni mmoja. Mibuni ya zamani ing'olewe yote na kupandwa miche kinzani, yaani inayohimili magonjwa, iliyotoka kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI, Lyamungo, au ibaki? Maafisa ugani wanataka ing'olewe. Wazee wanaitikia mkutanini, lakini wakirudi kihambani, kwenye shamba la nyumbani la Kichagga, shoka halinyanyuki. Wanaitwa wagumu wa kuelewa. Nimekaa nao, na naona hoja yao haijasikilizwa.

Kwanza niwape maafisa ugani haki yao, kwa sababu ni kubwa. Chulebuni, ugonjwa wa kuvu wa matunda ya kahawa, huanza kama doa dogo la kahawia lililobonyea kwenye tunda bichi. Siku chache baadaye tunda lote ni jeusi, limekauka na kung'ang'ania tawini. Lipasue uone: punje nayo imeoza. Msimu wa mvua nyingi na baridi, asiyepulizia dawa anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya mavuno. Na kupulizia si mara moja. Ni kurudia kila baada ya wiki chache, bomba mgongoni, kwenye mteremko unaoteleza, hadi majani yanabaki na madoa ya bluu ya mrututu, dawa ya shaba. Mama mjane mwenye mashina mia mbili, watoto wote wako Dar, hawezi hiyo kazi wala gharama yake. Kwake mche unaojikinga wenyewe dhidi ya chulebuni na kutu ya majani, ugonjwa mwingine wa kuvu, ni ukombozi. Akiniuliza, nitamwambia apande.

Suala la ladha nalipita. Wazee husema kahawa mpya haina utamu wa ile ya zamani, lakini mwinuko wa shamba, uchumaji wa tunda lililoiva na uoshaji makini vina nguvu kubwa kikombeni. Hapo hoja yao ni dhaifu.

Hoja yao yenye uzito ni nyingine, nayo mzee mmoja wa Kibosho aliimaliza kwa swali moja. Afisa ugani kijana alimwamkia shikamoo, akamweleza habari za miche, na mzee akamuuliza: "Sawa mwanangu, na huo ugonjwa nao utakaa tu unatuangalia?"

Hautakaa. Mbuni uliotunzwa na kukatwa vizuri unazaa kwa miaka 40 na zaidi. Kuvu wa kutu anahitaji wiki chache tu kutoka chembe kutua kwenye jani hadi kutoa chembe mpya. Hesabu vizazi vyake ndani ya maisha ya mti mmoja. Mti umesimama palepale na kinga ileile uliyozaliwa nayo, na kuvu anabadilika kila msimu. Mbari za kutu, yaani aina zake zinazotofautiana kwa kinga wanazovunja, zinazojulikana duniani zimepita 50. Tena miche mingi tunayopewa hukuzwa kwa vikonyo, vipande vya tawi vinavyooteshwa, kwa hiyo aina moja ni mti uleule uliorudiwa mara maelfu. Kuvu akipata ufunguo wa mti mmoja, amepata wa kijiji kizima.

Wakulima wa matufaha walishapita njia hii. Huko Ulaya na Marekani adui yao ni ukoko wa tufaha, kuvu anayewalazimisha kupulizia zaidi ya mara kumi kwa msimu. Watafiti wa Marekani walikuta kinga kwenye tufaha-pori la Asia, Malus floribunda, mti unaopandwa kwa ajili ya maua, matunda yake madogo yasiyo na soko. Walizalisha kizazi baada ya kizazi hadi wakapata tufaha la kuliwa lenye kinga hiyo, na aina nyingi zilizofuata zikajengwa juu ya jeni hiyohiyo moja. Miaka ya 1980, Ujerumani, kuvu akaivuka. Kwetu kwenye kahawa ni vivyo hivyo: Lempira ya Honduras, iliyosifiwa kwa kuhimili kutu, ilithibitishwa mwaka 2017 kuwa imeshindwa.

Kwa haki, watafiti wa kahawa wanalijua hili. Kinga dhidi ya chulebuni imetafutwa kwenye zaidi ya chanzo kimoja: Rume Sudan, kahawa ya nyanda za Boma huko Sudan Kusini, na chotara cha Timor, ambapo arabika ilikutana na robusta yenyewe bila mkono wa mtu. Kukusanya jeni kadhaa kwenye mti mmoja kunamchelewesha sana kuvu, na Lyamungo wanastahili sifa.

Lakini tazama kinga ilikotoka. Tufaha la mapambo. Kahawa ya porini. Chotara cha kisiwani kilichojiotea. Miti yote hiyo, kwa hesabu ya gunia, ilifaa kung'olewa. Na aina mpya zenyewe zinabeba jina la mibuni ya zamani: N39-1 na KP423-1 zimeitwa kwa N39 na KP423, kahawa zilezile tunazoambiwa leo ni kuni.

Kihamba cha yule mzee kina mibuni iliyopandwa kwa mbegu na baba yake, chini ya migomba, hakuna shina linalofanana na jirani yake. Mingi inaugua. Kuna mmoja karibu na mfongo, mfereji wa maji, ambao haujapuliziwa miaka mingi, na nilipoushika tawi, matunda yalikuwa ya kijani, safi, wakati wa jirani yake umejaa weusi. Huenda ni bahati ya kivuli. Huenda ni kinga. Mti ukishakatwa hakuna wa kulijibu hilo.

Kwa hiyo naomba mpango wa kung'oa ubadilishwe. Mkulima apande miche kinzani sehemu kubwa ya kihamba, achanganye aina zaidi ya moja, na aendelee kupogoa na kuokota matunda meusi, maana kuvu aliyepungua ana nafasi chache za kubadilika. Kabla ya shoka, mtu wa kituo apite na mwenye shamba, waifunge kamba ya alama mibuni iliyobaki safi bila dawa, na vikonyo vyake vipelekwe kitaluni Lyamungo. Mzee anaijua kwa shina. Atawaonyesha asubuhi moja tu, wakimfuata kabla hajachoka kusubiri.