Yule Mzee Kwenye Picha Si Shemeji Yenu

Kwanza acheni pongezi. Najua picha mmeiona. Shoga yangu mmoja, ambaye simtaji kwa sababu bado nina vyombo vyake, kaitupa kwenye kundi la WhatsApp na maneno "hatimaye dada kapata wake", na tangu asubuhi simu yangu hailali. Huyo mzee niliyemkumbatia simjui. Jina lake silijui. Kaeni niwape habari kamili, kisha mrudi mkamweleze mpashaji wenu.

Safari ilikuwa ya mama na binti, bustani ya michezo, sisi wawili tu. Mpangaji mimi, na mnanijua nikishika kalamu. Kulikuwa na jedwali. Tufike kabla mageti hayajafunguliwa, maana foleni za saa ya kwanza ndizo fupi. Mchana jua likichoma tujifiche kwenye maonyesho ya ndani, penye viti na kiyoyozi. Jioni gwaride. Binti, miaka 15, akalipitisha jicho mara moja akasema, "Mama, hii ratiba ya jela." Tukavutana, tukaafikiana: chombo kimoja changu, kimoja chake. Mimi nikachagua farasi wa kuzunguka. Yeye rolakosta, kile kitreni cha kupandishwa juu na kuporomoshwa.

Nikamwambia rolakosta ninayoiweza ni ile ya kale ya Mmarekani LaMarcus Thompson, pale Coney Island, New York, mwaka 1884. Mwendo wake kama kilomita 10 kwa saa, abiria wamekaa ubavu wanatazama mandhari. Hiyo ningepanda hata na kikombe cha chai mkononi. Akanitazama. (Wenye mabinti wa umri huo, lile jicho mnalijua.)

Programu ya bustani ikaonyesha foleni ya dakika 90. Sasa hapo ndipo usomi wangu uliponiponza, maana katika kupangapanga nilishasoma kwamba kuna foleni ya mtu mmoja mmoja, ile ya kujazia viti vinavyobaki, na huenda haraka. Tukaingia huko, mimi najiona mjanja. Kibao kilidai urefu usiopungua sentimita 140. Nikatafuta kibao cha umri usiozidi. Hakuna. Mhudumu akatuamuru kila kinachoweza kuruka kiachwe kabatini: mikoba, kofia, miwani.

Miwani yangu, jamani. Bila miwani mimi naona watu kama nguo zilizoanikwa.

Tukagawanywa. Binti akaelekezwa kule, mimi nikapelekwa kiti cha nyuma kabisa. (Waliozoea hukigombania hicho, kwa sababu mabehewa ya mbele yakishaanza kuporomoka, cha nyuma kinavutwa kupita kileleni kwa kasi. Hayo nimeambiwa baadaye.) Mara kando yangu kikakaa kitu chembamba, sweta jeusi la kofia, kofia imefunika kichwa. Na binti yangu siku hiyo alivaa sweta jeusi la kofia. Nikajua mhudumu katuhurumia. Nikauliza, "Umejifunga vizuri, mwanangu?" Kimya. Kimya kile ndicho kilichonihakikishia kwamba ni yeye.

Chuma kikashuka mapajani, kikabana. Tukaondoka. Taka-taka-taka-taka. Mlio huo, kwa taarifa yenu, ni wa vyuma vinavyozuia treni isirudi nyuma wakati mnyororo unaipandisha. Yaani ni mlio wa usalama. Mimi nilisikia hukumu ikisomwa. Mbele ni mbingu tupu. Nikafumba macho, nikaupapasa mkono wa jirani, nikaukamata. Mkavu, mifupa mitupu. Nikajisemea, huyu mtoto hali chakula.

Taka. Taka.

Kimya.

"Mwanangu," nikasema, "kama hatutashuka salama, zile suruali zako za kuchanika magotini hazikupotea..."

Tukadondoka.

"...NILIZIGAWA MIMI!"

Tumbo lilibaki juu, mdomo ukashuka nami. Kona ya kwanza: "Simu mpya nitakununulia!" Kona ya pili: "Daftari lako nililisoma! Ukurasa mmoja tu!" Kisha treni ikapinduka, miguu juu, damu yote kichwani: "KURASA ZOTE!" Hapo mkono haukunitosha tena. Nikakikumbatia kichwa chenyewe, nikakibana kifuani, nikakibusu. Na hapo hapo, mwanga. Kamera huwekwa makusudi pale ambapo sura ya binadamu imeshamshinda mwenyewe.

Breki. Nikafumbua macho. Kwa umbali ule hata kipofu angeona: masharubu. Meupe.

"Mama," akasema yule mzee, kwa adabu zote, "naomba mkono wangu." Nikamwachia. Akaunyoosha kidole kimoja kimoja, akakagua kama vyote vipo. "Na hiyo simu mnunulie mtoto. Umeahidi mbele za watu."

Behewa zima kicheko. Kwenye kiti cha mbele yetu, sweta jeusi jingine likageuka taratibu.

"Kurasa zote, mama?"

Yaliyofuata mnayajua. Kwenye njia ya kutokea kuna skrini za picha, na kabla sijafika kabatini kuchukua miwani binti alishainunua yetu, kwa hela yangu, akamrushia shoga yangu. Simu nimenunua. Suruali nimelipa, na hizi mpya zina matundu kuliko za mwanzo. Farasi wa kuzunguka nilipanda peke yangu, yeye kasimama pembeni ananirekodi, kwa hiyo jiandaeni, na hiyo inakuja.

Na nyie mnaonitumia ujumbe kuniuliza kama mzee ana mke: anaye. Alikuwa akimsubiri palepale kwenye skrini, na ile picha aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.