Kutoa Mara Kutoa

Mradi wa kikundi tuliopewa katika somo la uhandisi wa udhibiti ulionekana rahisi mithili ya kumsukuma mlevi mteremkoni: pampu ndogo ivute maji kutoka kwenye pipa, iyamwage katika ndoo ya kina cha sentimita 35 iliyotobolewa chini, na kidhibiti cha PID, yaani programu inayolinganisha kipimo na lengo kisha kuamua pampu ivute kwa nguvu gani, kihakikishe maji yanabaki sentimita 20. Tulikuwa wanne. Mmoja alishika nyaya, mmoja programu, mimi ripoti, na wa nne, Mungu amweke, alishika mahamri na mbaazi.

Juu ya ndoo tulifunga kitambuzi kinachotuma mlio usiosikika na kupima umbali kwa mwangwi wake. Umbali hadi kwenye maji, si kina cha maji; yaani maji yakipanda, namba inashuka. Hilo lilitupita sote, na usiku wa kuamkia siku ya kukaguliwa kidhibiti kilisoma 35 kwenye ndoo tupu, kikadhani maji yamezidi, na pampu ikatulia kama maji ya mtungi. Tulibadilisha nyaya, tukabadilisha pampu yenyewe, kisha tukatawanyika kila mmoja na huzuni yake.

Saa nane usiku nilishtuka kitandani nikiwa na jibu. Nilifungua programu yetu ya pamoja na kugeuza hesabu: badala ya kutoa kipimo katika lengo, nikatoa lengo katika kipimo, na lengo nikaliandika 15, umbali uliopo maji yakiwa sentimita 20. Sikumwambia mtu, kwa kuwa nilitaka nishangiliwe mbele ya mhadhiri. Kumbe mwenzetu wa nyaya, akisubiri feri Likoni alfajiri, naye aliligundua kosa lile lile, akaingiza mstari mmoja wa kutoa kila kipimo katika 35 ili kiwe kina. Naye akanyamaza, kwa sababu ile ile. Kila rekebisho peke yake lilikuwa sahihi kabisa.

Mhadhiri alifika, tukawasha, pampu kimya. Akauliza vizidishi vya kidhibiti, zile namba za kupima nguvu ya majibu yake, tumevipataje, nami nikamweleza kwa ufasaha kanuni ya wahandisi Ziegler na Nichols ya mwaka 1942, jinsi unavyoongeza nguvu mpaka mfumo uyumbe bila kutulia, kisha ukachukua 0.6 ya nguvu hiyo. Alitikisa kichwa huku akiitazama ndoo kavu.

Hapo ndipo bwana mahamri alipoingiwa na huruma. Kwao, alisema, pampu ya kisima ikigoma hutiliwa maji kwanza. Akainua mtungi wa lita 20 tulioununua kwa mkokoteni, akaanza kumimina ndani ya ndoo. Maji yalipopita alama ya 15, pampu ilinguruma. Kadiri yalivyopanda ndivyo ilivyozidi kuvuta, kwa maana kutoa mara kutoa ni kujumlisha, na kidhibiti chetu sasa kilikuwa kinapigania mafuriko kwa bidii zote. Maji yalivuka ukingo, yakaipitia ripoti yangu, yakashuka mezani hadi kwenye viatu vya mhadhiri, ambaye alikuwa amekunja suruali kama mvuvi kabla sijaufikia waya wa umeme.

“Wanangu, nani aligeuza alama?” aliuliza baada ya kuisoma programu kwa utulivu.

Mikono miwili ilipanda kwa pamoja, kisha wenye mikono tukatazamana.

Mhadhiri alimgeukia bwana mahamri, aliyekuwa bado ameukumbatia mtungi. “Angalau huyu ameiwasha.”