Hawa shakwe wa Scheveningen

Jamani, kuna ndege wasio na haya kama shakwe wa pwani ya Uholanzi? Mjini Delft tulikula kwa amani, mjini Leiden vilevile. Kufika Scheveningen, kule ufukweni, rafiki yangu kanunua kibbeling, vile vipande vya samaki wa kukaanga, kwa bei ya kuumiza roho. Hajatia kinywani hata kimoja, dude limeshuka kwa nyuma, limenyakua kipande na kummwagia mayonezi begani. Muuzaji anacheka tu! Na wanaowadekeza ni watalii haohao, wanawarushia chipsi ili wapige picha. Basi unakula umebana mgongo ukutani, kiganja juu ya chakula kama unakinga mshumaa. Upepo nao unakujaza mchanga mpaka kwenye meno. Kiangazi gani hiki cha kuvaa koti?