Lincoln ya 1961: betri mpya haitoshi
Kuna tangazo lenye picha linalosema eti kwa kuwa gari hili, Lincoln Continental ya 1961, limelala bandani miaka mingi na limetembea kidogo, mnunuzi anahitaji betri na petroli mpya tu. Thubutu! Ukipiga starti hivyo hivyo, ringi za pistoni zilizoshika kutu zitakwaruza silinda. Fungua plagi zote 8, mimina kijiko cha oili kila tundu, acha siku mbili, ndipo uzungushe krankshafti (mhimili mkuu wa injini) kwa spana, taratibu. Petroli ya zamani imeshakuwa gundi, kwa hiyo shusha tangi lioshwe na kabureta ifunguliwe. Breki zake ni za saketi moja, yaani magurudumu yote yanategemea njia moja ya mafuta ya breki: mpira mmoja wa kupitisha mafuta hayo ukipasuka, pedali inazama hadi sakafuni na hakuna gurudumu hata moja linaloshika. Badilisha masta silinda (pampu kuu ya breki) na mipira hiyo yote kabla gari halijatoka getini. Ila kinachofilisi watu si injini, ni kutu. Gari hili halina chesisi (fremu ya chini) ya peke yake, bodi ndiyo inayobeba kila kitu, basi chokonoa kwa bisibisi chini ya milango kabla hujataja bei. Hiyo ya pichani ni ya paa la turubai au la bati? Maana kwenye turubai kuna rilei (swichi zinazowashwa kwa umeme) na swichi kibao, na moja ikigoma paa linaishia katikati. Nani ameshazifuatilia moja moja?