Sisimizi Wapanda Behewa Bila Tiketi

Kutengeneza mabehewa madogo ya treni za mfano, kazi si kukata wala kugundisha. Kazi ni kuyachakaza. Behewa likitoka mezani linameremeta kama sufuria ya bibi harusi, na hakuna behewa la mizigo lililowahi kutoka Kisumu likafika Mombasa bado linameremeta. Lazima lile kutu, masizi na vumbi jekundu la Voi.

Kutu nzuri huletwa na chumvi. Unapaka rangi ya kutu, inakauka. Unalowesha kidogo pale unapotaka pachakae, unanyunyiza chumvi, kisha unapuliza rangi ya juu. Ikikauka unasugua kwa mswaki mkuukuu: chumvi inapukutika, kutu inachungulia.

Behewa langu lilikuwa la kipimo cha 1 kwa 87, yaani milimita 1 mezani ni milimita 87 relini, la kufungwa nyuma ya injini ya mvuke aina ya Garratt ya daraja la 59, yale majitu 34 yaliyoundwa Manchester mwaka 1955 na 1956 yakapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja, Mount Gelai, liko Makumbusho ya Reli Nairobi. Nimelizunguka mpaka askari akaniuliza kama nataka kulinunua.

Basi nikaingia jikoni, nikachota kwenye kopo lililoandikwa CHUMVI kwa mwandiko wa shangazi mwenyewe. Kumbe watoto walikuwa wakilamba sukari, naye akaihamishia mahali ambapo mtoto mwenye akili hatii kidole.

Nikanyunyiza, nikapuliza kijivu, nikalala. Asubuhi mswaki ukagoma. Ile "chumvi" ilikuwa shira tupu, rangi imetoka malengelenge. Mswaki ukanata mlangoni mwa behewa. Nikivuta, na behewa linakuja. Halafu mlango ukaanza kutembea.

Sisimizi! Safu ilianzia dirishani, ikapanda mguu wa meza, ikashika njia katikati ya reli zangu zilizoachana milimita 12, ikapita stesheni bila kusimama. Nikapiga hesabu, maana mwenye ugonjwa huu hajizuii: sisimizi wa milimita 3, kwa kipimo hiki, ni mnyama wa sentimita 26. Panya buku hao! Mmoja alikuwa amempanda mkuu wa stesheni kichwani.

Nikavuta pumzi niwapulize, mara hodi. Ni jirani yetu, mzee mstaafu wa reli, niliyekuwa nimemwalika aje aone kazi. Akavaa miwani, akainama, akatazama weee.

"Hili latoka Muhoroni?"

"Kwa nini, mzee?"

"Si la sukari hili?" Akasogeza pua. "Kutu umeipatia, kijana. Ila wezi wetu sisi walikuwa wakubwa kidogo."

Shangazi akatokea jikoni, kopo mkononi. "Nani kachota chumvi yangu?"

"Chumvi ipi, shangazi? Hii ya kutilia chai?"

Hakucheka. Alikagua meza yangu, jicho likatua kwenye kopo tupu nililokuwa nimeliandika KUTU.

"Hili watoto huligusa?"

"Hawathubutu. Niliwaambia ni sumu."

Akaliosha, akaondoka nalo. Siku hizi mgeni akija kwetu huulizwa atiliwe kutu vijiko vingapi.