Ngazi Tatu za Mlangoni

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya nyumba anayoweza kuifikia. Kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 kule Embakasi, Nairobi, haki hiyo ya anayetumia kiti cha magurudumu hugonga ngazi tatu za mlangoni.

Ngazi hizo zina sababu. Udongo mweusi hushikilia maji, na mafuriko ya masika ya 2024 yaliwafikia wengi hadi vitandani. Ndiyo maana sakafu huinuliwa hata milimita 450 juu ya ua. Kiti cha magurudumu nacho kinataka rampu, njia ya mteremko, ya 1 kwa 12 (kupanda mita 1 kwa kila mita 12), yaani urefu wa mita 5.4 kwa sakafu hiyo, pamoja na tambarare ya mita 1.5 mbele ya mlango. Ploti yenyewe ina upana wa mita 15, na humo mna gari, tangi na kamba za nguo. Mwenye nyumba akisita, si roho mbaya.

Ubaya huja baadaye, shosho akishavunjika nyonga. Fundi anaitwa, anamwaga zege la mita 2 juu ya ngazi zilezile. Hapo mwinuko unapita 1 kwa 5: kupanda ni kuhema, kushuka ni kuteleza. Ingepangwa mapema, njia ingeinuka polepole tangu getini, 1 kwa 20 kwa mita 9, kisha mfereji wenye wavu wa chuma upite mbele ya kizingiti. Kifusi cha njia kiguse jengo mlangoni tu. Kikilazwa ukuta mzima hufunika ile karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu, na plasta huanza kubabuka.

Bafuni, hoja ya gharama inapwaya. Mlango wa milimita 700 ukitoa fremu hubaki na nafasi ya 600 na kitu, ilhali viti vingi vina upana wa karibu 650. Kuandika 900 kwenye ramani ni rahisi. Kukata ukuta na linta, boriti ya juu ya mlango, baadaye ndiko ghali. Mlango ufungukie nje, kwa sababu anayeanguka ndani huuziba kwa mwili wake. Slabu ya bafu ishushwe milimita 50 kabla ya kumwaga zege, ili maji yakimbie bila kile kizingiti cha kujikwaa. Vyuma vya kujishikia navyo vifungwe kwa bolti ndani ya jiwe. Plagi ya skrubu iliyoshika plasta peke yake hung'oka siku mtu anapoitupia uzito wote.

Kwenye bedsita, nyumba ya chumba kimoja, landilodi ana hoja nzito zaidi. Duara la mita 1.5 la kugeuzia kiti hula chumba, na kodi itamwangukia mpangaji. Kudai hivyo kila ghorofa, katika jengo lisilo na lifti, ni kupoteza nafasi; vyumba vya chini vinatosha. Ila vya chini ndivyo vinavyogeuzwa maduka na kinyozi, kwa kuwa barabarani hulipa zaidi. Maduka yachukue upande wa mbele. Vyumba viwili vya nyuma viachwe vya kuishi, na korido ya kuvifikia isipungue mita 1.2.